MKOJO ULIOTUAMA HUJENGA JIWE

Somo la afya: Mawe ya kibofu kwa watu walioharibika mishipa ya fahamu



Leo tutajifunza habari ya ugonjwa ambao hausemwi sana barazani. Unasemwa kwa sauti ya chini, maana unahusu haja ndogo. Lakini tukiuonea haya, utatuulia ndugu zetu. Ugonjwa wenyewe ni mawe yanayoota ndani ya kibofu cha mkojo. Huwapata hasa watu ambao mishipa yao ya fahamu haifanyi kazi vizuri.

Hapa kwetu Babati na katika vijiji vinavyotuzunguka watu hawa wapo. Mji wetu uko kwenye njia kuu ya kutoka Arusha kwenda Singida na Dodoma. Magari ni mengi na pikipiki ni nyingi zaidi. Tena wapo ndugu zetu wanaopanda miti kutundika mizinga au kukata matawi. Wapo wanaochimba mchanga na mawe kwenye mashimo yasiyo na nguzo. Ajali zikitokea, wengine huumia mgongo.

Katika hospitali ya KCMC iliyoko Moshi, ambayo hupokea majeruhi wengi wa kaskazini, waganga walichunguza habari za watu walioumia uti wa mgongo kuanzia mwaka 2010 hadi 2014. Waliona kwamba kuanguka ndiko kulikoongoza kuumiza watu. Ajali za barabarani zikafuata.

Mtu akiumia hivyo, sote tunaangalia miguu yake. Tunauliza, "Je, atatembea tena?" Ni swali la haki. Lakini liko swali lingine ambalo wengi hatuulizi: "Je, mkojo wake unatoka wote?" Swali hilo la pili ndilo somo letu la leo.

1. KIBOFU KINAVYOFANYA KAZI

Figo zetu mbili hutengeneza mkojo usiku na mchana. Mtu mzima anayekunywa maji vizuri hupata mkojo kiasi cha lita moja na nusu kwa siku. Mkojo huo hushuka polepole na kuingia katika kibofu. Kibofu ni mfuko wa nyama unaotanuka na kunywea. Kwa kawaida hubeba kiasi cha nusu lita, yaani kama chupa ndogo ya maji ya dukani.

Kibofu kikianza kujaa, hupeleka habari kwenye ubongo. Habari hupita katika uti wa mgongo, ambao umelala ndani ya pingili za mgongo kama waya wa simu ndani ya bomba. Ubongo ukiona sasa ni wakati mzuri, hutoa amri. Mlango wa kibofu hulegea, kibofu chenyewe hukaza, na mkojo wote hutoka.

Sasa tuseme waya ule umekatika. Kibofu kinapiga simu, ubongo hausikii. Ubongo unatoa amri, kibofu hakisikii. Hapo yanaweza kutokea mambo mawili:

(a) Kibofu hulegea kabisa. Hujaa mpaka mkojo unamwagika kidogo kidogo, lakini mwingi unabaki ndani.

(b) Kibofu hukaza ovyo bila mpango, na mlango wake nao hukaza wakati huohuo. Mkojo hutoka kwa kurukaruka, na mwingine hubaki ndani.

Angalieni vizuri: katika hali zote mbili mtu anaweza kuonekana amelowa kila wakati. Watu watasema, "Huyu mbona anakojoa sana!" Kumbe ndani kibofu kimejaa.

Sio ajali peke yake inayoleta hali hii. Watoto wengine huzaliwa na mgongo wazi. Kifua kikuu huweza kuingia katika pingili za mgongo na kuubana uti. Kisukari cha miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu. Kichocho nacho, mara chache, hushambulia uti wa mgongo. Na mtu aliyepata kiharusi anaweza kupata shida ya namna hii pia.

2. JIWE LINAVYOTOKEA

Aliyefika Magugu kwenye mashamba ya mpunga ameiona mifereji. Maji yakikimbia, huchukua tope na kwenda nalo. Maji yakisimama, tope hutua chini. Siku zikipita, mfereji unajaa. Kibofu nacho ni hivyo hivyo.

Ndani ya mkojo mna chumvichumvi nyingi ambazo mwili umezikataa. Hatuzioni kwa sababu zimeyeyuka, kama chumvi kwenye mchuzi. Mkojo ukitoka wote, nazo hutoka. Mkojo ukituama, hupata nafasi ya kutua na kushikana. Kwanza huwa kama vumbi, halafu kama mchanga, halafu kokoto. Jiwe likiachwa muda mrefu huweza kufika ukubwa wa yai la kuku.

Yapo mambo matatu yanayoliharakisha jiwe hilo.

Jambo la kwanza ni vijidudu. Mkojo uliotuama ni nyumba nzuri ya vijidudu. Wako wa aina moja ambao huivunja taka ya mkojo na kuugeuza mkojo wenyewe uwe kama maji ya magadi. Mkojo ukiwa wa namna hiyo, chumvi zake huganda upesi sana. Ndiyo sababu mkojo wa mtu huyu hunuka kwa ukali, kama zizi lililofungwa.

Jambo la pili ni mpira wa mkojo. Wagonjwa wengi hutoka hospitali wakiwa na mpira uliopitishwa mpaka ndani ya kibofu. Mpira huu umeokoa maisha ya wengi, tusiuchukie. Lakini kwa kibofu, mpira ni kitu kigeni. Chumvi huushika kama ukoko unavyoshika birika la kuchemshia maji. Ule mpira una kipira kidogo kwa ndani, kinachojazwa maji ili usichomoke. Kipira hicho nacho huvaa magamba kama ganda la yai. Mpira ukitolewa, magamba huanguka ndani ya kibofu, na kila gamba linaweza kuwa mbegu ya jiwe jipya. Hata unywele mmoja ulioingia pamoja na mpira unaweza kuwa mbegu.

Jambo la tatu ni kulala tu bila kujongea. Mifupa isiyobeba mwili hupoteza chokaa yake. Chokaa hiyo huingia katika damu, huchujwa na figo, na hushuka katika kibofu. Hali hii huwa kali zaidi katika miezi ya kwanza baada ya kuumia.

Huko Uingereza waganga waliwafuatilia watu walioumia uti wa mgongo, na matokeo yakatangazwa mwaka 2003. Kati ya kila watu 100 waliokaa na mpira wakati wote, kiasi cha watu 4 walipata jiwe kila mwaka. Kwa wale wasiokaa na mpira, hakufika hata mtu 1 katika 100. Na mtu aliyekwisha tolewa jiwe, kisha akaendelea kukaa na mpira, hatari yake iliruka: kiasi cha watu 16 katika 100 walipata jiwe tena kila mwaka.

3. DALILI: USINGOJE MAUMIVU

Mtu mwenye mishipa mizima akiwa na jiwe huumia chini ya kitovu, na mkojo humchoma. Lakini huyu ndugu yetu hana habari ya maumivu, maana waya umekatika. Jiwe linaweza kukua ndani yake naye anacheka na wageni. Ndiyo maana tunasema macho na pua zifanye kazi ambayo mishipa imeshindwa kuifanya. Yeye mwenyewe, mke wake, mama yake, au yeyote anayemtunza, aangalie mambo haya:

- Mkojo umekuwa mzito, mchafu, na unanuka kuliko kawaida.
- Kuna mchanga au vijiwe katika mfuko au kopo la mkojo.
- Kuna damu katika mkojo.
- Mpira unaziba mara kwa mara, au mkojo unapita pembeni ya mpira.
- Mpira uliotolewa una magamba kwenye ncha, au ulikuwa mgumu kutoka.
- Homa ya mkojo inapona kwa dawa, kisha inarudi, inapona, inarudi.
- Miguu inakaza na kurukaruka kuliko siku zote.

Hapa tuseme neno juu ya damu. Watu wengi wakiona damu kwenye mkojo husema mara moja, "Hicho ni kichocho." Huenda ni kichocho. Lakini kwa mtu mwenye kibofu cha namna hii inaweza kuwa jiwe, na ikiwa amekaa na mpira miaka mingi inaweza kuwa hata saratani ya kibofu. Dawa za kichocho haziondoi jiwe. Apelekwe akapimwe.

Hatari ya ghafla. Mtu aliyeumia shingo au sehemu ya juu ya mgongo akipata kizuizi cha mkojo, presha ya damu yake inaweza kupanda kwa ghafla sana. Kichwa kitamgonga kwa nguvu. Uso utakuwa mwekundu au wa moto, na jasho litamtoka usoni na shingoni. Hilo sio pepo, wala hajarogwa. Fanyeni hivi upesi:

(a) Mkalisheni wima, miguu ining'inie. Msimlaze.
(b) Legezeni mkanda na nguo zote zinazobana.
(c) Angalieni mpira: je, umejikunja? Je, umelaliwa? Je, mfuko umejaa?
(d) Kama mpira umeziba, au kama hali haitulii mara moja, mpelekeni hospitali hapo hapo. Msingoje kesho. Presha hiyo huweza kupasua mshipa wa kichwani.

4. JIWE LIKIACHWA

Wako wanaosema, "Jiwe haliumi, basi tuliache." Hilo ni kosa kubwa. Jiwe ni pango la vijidudu. Dawa za kuua vijidudu hazifiki vizuri ndani ya jiwe, kwa hiyo ugonjwa hurudi kila mara. Vijidudu hupanda mpaka kwenye figo. Mkojo ukizuiwa chini, hurudi juu na kuzitanua figo mpaka ziharibike. Tena vijidudu vikiingia katika damu, mtu anaweza kufa kwa siku chache tu.

Zamani ndivyo walivyokufa wengi walioumia uti wa mgongo. Hawakufa kwa sababu ya mgongo. Walikufa kwa figo na kwa vidonda vya kulalia. Mambo yalianza kubadilika wakati wa vita kuu ya pili ya dunia. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alianzisha wodi ya watu hao katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza. Aliwageuza kitandani usiku na mchana, aliangalia mkojo wao kwa makini, na aliwatoa kitandani wakacheze michezo. Watu walioonekana kuwa wa kufa wakaishi miaka mingi.

5. MATIBABU

Jiwe hutambuliwa kwa kipimo cha altrasaundi au kwa picha ya eksirei. Pengine daktari huingiza chombo chembamba chenye taa katika njia ya mkojo, akaliona kwa macho. Akilikuta, anaweza kulivunja kwa chombo hicho na kuviosha vipande vitoke. Jiwe likiwa kubwa sana, hupasua chini ya kitovu na kulitoa.

Anzeni kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Hapa Babati ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Manyara. Ziko pia hospitali za Dareda na Haydom. Kazi ikiwa kubwa zaidi, mgonjwa huandikiwa barua ya kwenda KCMC Moshi. Tunajua safari ina gharama. Basi mwulizeni afisa ustawi wa jamii mapema habari za bima na za msamaha wa malipo, badala ya kuuza ng'ombe wa mwisho kwa haraka.

Na hizi dawa za kunywa za kuyeyusha jiwe zinazouzwa mnadani? Jiwe la aina hii haliyeyuki kwa mizizi, wala kwa malimau, wala kwa magadi. Magadi ndiyo kabisa: mkojo wenye tabia ya magadi ndio unaoligandisha. Kila mwezi unaopotea kwa dawa hizo, jiwe linakua.

6. KINGA

Njia bora ya kinga ni kukitoa kibofu mkojo wote, kila mara, kwa saa zinazojulikana.

Kupitisha mpira na kuutoa. Mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Michigan, Marekani, alitangaza njia iliyowashangaza waganga wenzake. Mgonjwa mwenyewe alipitisha mpira mwembamba, mkojo ukatoka wote, kisha akauchomoa. Alifanya hivyo mara kadhaa kwa siku. Watu walidhani ni lazima kila kitu kiwe kimetakaswa kama chumba cha kupasulia. Lapides alionyesha kwamba mikono safi na mpira safi vyatosha, kwa sababu kibofu kisichotuamisha mkojo hujikinga chenyewe. Njia hii hutumika mpaka leo duniani kote, hata kwa watoto wenye mgongo wazi. Kwetu vijijini ni habari njema, maana sabuni na maji tunavyo.

Njia hiyo hufundishwa na muuguzi. Mtu asijifundishe peke yake. Akishafundishwa azingatie haya:

- Anawe mikono kwa sabuni, na aoshe sehemu za siri.
- Apitishe mpira kila baada ya saa 4 hadi 6 mchana, kama alivyoagizwa.
- Apime mkojo kwa kopo lenye alama. Ukizidi nusu lita kwa mara moja, maana yake amekawia. Apunguze saa.
- Mpira utumike mara moja tu. Kama muuguzi amemruhusu kuurudia kwa sababu ya uhaba, auoshe, aukaushe na kuutunza vilevile alivyoelekezwa.

Mwenye mpira wa kukaa ndani. Wako wasioweza njia ile, kwa mfano mtu ambaye mikono yake imepooza. Hao nao wanaweza kujikinga:

- Mpira ubadilishwe kwa tarehe. Ule wa kawaida hubadilishwa kila wiki 2 hadi 4. Ule wa silikoni hukaa zaidi, mpaka wiki 12. Andikeni tarehe ukutani au katika daftari. Mpira wa wiki 4 usikae miezi 4.
- Ukiziba kabla ya tarehe, usibadilishwe tu na kusahauliwa. Mwambieni mganga, "Huu umeziba mapema, tunaomba kibofu kipimwe."
- Mfuko ukae chini ya kibofu siku zote, lakini usiguse sakafu. Umwagwe kabla haujajaa.
- Bomba lisijikunje, wala mgonjwa asililalie.
- Msichomoe mfuko kwenye mpira ovyo ovyo.

Kwa wote:

- Kunywa maji safi, kiasi cha lita 2 kwa siku, isipokuwa daktari amekataza kwa sababu ya moyo au figo. Wengine huacha kunywa maji ili wasilowe. Mkojo mchache ni mkojo mzito, na mkojo mzito hugandisha jiwe.
- Usiache maziwa kwa kuogopa chokaa. Chokaa inayosumbua hutoka kwenye mifupa iliyolala. Jongea, kaa kwenye kiti, simamishwa ikiwezekana.
- Usiminye tumbo kwa nguvu ili mkojo utoke. Mkojo unaweza kurudi kwenye figo.
- Pima kibofu na figo kwa altrasaundi mara moja kila mwaka, hata kama unajisikia mzima.

7. KAZI YA NYUMBANI NA KIJIJINI

Mtu aliyepooza ni mzazi, ni mume au mke, ni fundi, ni mkulima mwenye ushauri. Kupooza hakujamwondolea heshima yake. Kwa hiyo anayemsaidia haja ndogo amsitiri, amwulize kwanza, wala asizungumze habari zake kisimani. Mtu anayeaibishwa huficha mkojo wenye damu. Anayeheshimiwa husema mapema.

Ninyi mliojifunza kusoma na kuandika mnaweza kuifanya kazi moja ndogo yenye faida kubwa. Chukueni daftari la shule. Pigeni mistari mitano: tarehe, saa, kiasi cha mkojo, rangi na harufu, na siku ya kubadilisha mpira. Jazeni kila siku. Mkienda kwa mganga, mpeni daftari hilo. Atasoma kwa dakika tano habari ambazo mgonjwa mwenyewe hakuzisikia mwilini kwa miezi mitatu.

MANENO YA KUKUMBUKA

Mishipa ya fahamu: njia za mwili zinazopeleka habari na amri.
Uti wa mgongo: fungu la mishipa ya fahamu lililomo ndani ya pingili za mgongo.
Kutuama: kusimama mahali pamoja bila kutoka.
Altrasaundi: kipimo kinachoonyesha ndani ya mwili bila kupasua.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mtu anayelowa mkojo kila wakati anaweza kuwa na kibofu kilichojaa?
2. Taja mambo matatu yanayoharakisha jiwe.
3. Kwa nini mtu aliyeumia uti wa mgongo asingoje maumivu?
4. Jirani yenu aliyeumia shingo anaumwa kichwa ghafla na uso unatoka jasho. Mtafanya nini kwanza, na nini baadaye?
5. Mpira wa ndugu yenu umeziba mara mbili katika mwezi mmoja. Mtamwambia nini mganga?
6. Je, katika kijiji chenu yuko mtu anayetumia mpira wa mkojo? Nani humbadilishia, na tarehe imeandikwa wapi?
7. Chora katika daftari lako ile mistari mitano, kisha ijaze kwa siku moja ya mfano.